Katiba isomwe yote, si ibara moja iliyopigwa picha

Mhariri,

Kila mjadala wa siasa ukipamba moto, kwenye makundi ya WhatsApp husambaa picha za Katiba ya Jamhuri ya Muungano: ibara moja, pengine nusu ibara, imepigiwa mstari mwekundu. Anayeituma huona ameshamaliza ubishi. Kitabu chenyewe, chenye ibara 152 kwa Kiswahili, hakijafunguliwa.

Chukua elimu. Ibara ya 11(2) inasema kila mtu anayo haki ya kujielimisha, na picha hukatwa hapohapo. Ibara hiyo imo katika Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ibara ya 7(2) inazizuia mahakama zote kuyatilia nguvu masharti ya Sehemu hiyo. Mzazi anayefungua shauri kwa kuegemea ibara ya 11 peke yake atawekewa pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa, siku ya kwanza. Kazi nayo imetajwa ibara ya 11, ila imerudiwa ibara ya 22, ndani ya Sehemu ya Tatu, ambayo haki zake mtu anaweza kuzidai Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3). Elimu haikurudiwa. Mwenye kutaka kulalamikia hilo ana hoja nzito, lakini ataijuaje kama hajafika ukurasa huo?

Hata haki za Sehemu ya Tatu, ibara ya 12 hadi 29, zisisomwe bila ya ibara ya 30(2), inayotaja mambo ambayo sheria inaweza kuyalinda hata kwa kuzibana haki hizo: ulinzi, afya ya jamii, mipango ya miji na mengineyo. Wanaharakati wetu huiruka, mawakili wa Serikali hawaisahau.

Ubishi wa Muungano nao usianzie ibara ya 1. Anzeni nyuma ya kitabu, Nyongeza ya Kwanza, yenye orodha ya mambo ya Muungano, yaani yale yanayosimamiwa na Serikali ya Muungano kwa Bara na Zanzibar. Mwaka 1964 mambo ya Muungano yalikuwa 11, leo orodha ina 22. Elimu ya juu imo, na Baraza la Mitihani limo. Shule za msingi hazimo, hospitali hazimo, ardhi haimo. Kisha someni ibara ya 98 pamoja na Nyongeza ya Pili: orodha hiyo haibadilishwi mpaka zipatikane theluthi mbili za wabunge wote wa Tanzania Bara na theluthi mbili za wabunge wote wa Zanzibar.

Tazameni pia pambizo. Yale maandishi madogo, kwa mfano “Sheria ya 1984 Na. 15”, yanaonyesha ibara iliingizwa au kubadilishwa lini. Ndivyo msomaji anavyogundua kuwa Sehemu ya Tatu, ya haki za binadamu, haikuwamo mwaka 1977, ililetwa na mabadiliko ya 1984. Chapa ya zamani iliyorithiwa kabatini itampotosha mtu vibaya.

Na anayebishana kuhusu vipindi vya urais asiishie ibara ya 40(2). Ashuke hadi 40(4): Makamu aliyerithi kiti akakishika miaka 3 au zaidi anaruhusiwa kugombea mara 1 tu, ikipungua miaka 3, mara 2.

Msomaji wenu,
Dodoma