Barua kwa Mwanangu: Usukani Huu Hauchomelewi

Gerezani, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea salamu zako pamoja na picha tatu za skuta yako ya umeme, na namshukuru Mungu kwamba usukani ulikatika ukiwa unaikokota mlangoni mwa bweni na si ukiwa barabarani kati ya magari na tramu. Mama yako alizitazama picha hizo mara moja tu akanirudishia simu. Mimi nimezikuza na kuzirudia usiku mzima hadi nikaelewa kilichotokea. Umeniuliza kama umpelekee fundi wa kuchomelea aliye karibu na chuo chenu hapo Leipzig auunganishe, kwa kuwa umekua ukiniona nikiunganisha mageti, matela na fremu za bajaji, na hujapata kuniona nikimrudisha mteja. Jibu langu ni hili: usimpelekee. Usukani huo hauchomelewi. Nunua mwingine wa aina ile ile, na namna ya kuufunga nitakueleza.

Itazame tena picha ya pili, ile inayoonyesha mdomo wa bomba lililokatika. Utaona rangi mbili. Upande wa juu, kuanzia kwenye tundu dogo la skrubu ya kengele, alumini ni ya kijivu iliyofifia, imeshika vumbi, na ukikaza macho utaona mistari myembamba iliyopindana kama ile ambayo maji huiacha mchangani yanapokupwa. Upande wa chini, sehemu isiyozidi theluthi moja, inameta kama sufuria iliyotoka dukani. Sehemu inayometa ndiyo iliyokatika juzi. Ile ya kijivu ilikuwa imekwisha kukatika zamani, kidogo kidogo, na wewe umekuwa ukiendesha kwa wiki nyingi huku ukishikilia theluthi moja ya usukani. Nilipoliona hilo niliweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Hali hii sisi mafundi tunaiita uchovu wa metali. Chuma cha kawaida kina kiwango chake, na mzigo ukikaa chini ya kiwango hicho kinaweza kuubeba mara mamilioni bila kupasuka. Alumini haina kiwango cha namna hiyo. Kila mtikiso, hata ule usiouhisi mkononi, unaingia kwenye hesabu, na ufa huanzia pale panapoukaribisha, yaani kwenye tundu, kwenye kona kali au kwenye mkwaruzo. Vijana wangu wa karakana huwa nawasimulia habari za ndege za abiria za Comet za Uingereza, ambazo mwaka 1954 mbili kati yake zilisambaratika angani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba bodi ya alumini ilikuwa imechoka na kupasuka kuanzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa. Usukani wako umekufa kifo hicho hicho. Matairi ya skuta ni madogo mno ukilinganisha na ya baiskeli, kwa hiyo kila jiwe la zile barabara za mawe ulizonionyesha kwenye video linapanda moja kwa moja hadi kwenye viganja vyako. Halafu kuna ule mfuko wa vyakula ninaouona ukining'inia upande wa kushoto karibu kila unaponipigia simu ukitoka sokoni. Sikulaumu, mama; mimi mwenyewe niliuona na sikusema neno.

Sasa nikueleze kwa nini fundi asikuchomelee, hata akiwa hodari kuliko mimi. Alumini ya usukani si ile ya masufuria yetu. Ni aloi, yaani alumini iliyochanganywa na vitu vingine, ambayo kiwandani hupashwa moto hadi kukaribia kuyeyuka, ikapozwa ghafla, kisha ikawekwa tena kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa, na nguvu zake zote zimetokana na mapishi hayo. Ukiipiga moto wa kuchomelea, mapishi yanaharibika. Mshono wenyewe unaweza kutoka mzuri wa kupendeza, lakini pembeni yake, upana wa kidole kimoja au viwili, alumini hulegea na kubaki na karibu nusu ya nguvu iliyokuwa nayo. Ili kuirudisha ingebidi usukani mzima uingie tena kwenye tanuri na maji, jambo ambalo hakuna karakana ya mtaani inayolifanya. Zaidi ya hapo, alumini haitoi onyo kama chuma. Chuma kikipata moto huwa chekundu, ukajua umefika wapi. Alumini ya aina hii inabaki na rangi yake hadi inapofikia nyuzi 600 hivi za Selsiasi, ikaanguka chini kama uji.

Hili nimelijifunza kwa gharama ya mtu mwingine, na sijawahi kukusimulia. Ulikuwa darasa la pili. Kijana mmoja wa jirani aliniletea usukani wa alumini wa baiskeli uliopasuka, na kwa kuwa nilikuwa nimepata mashine mpya niliyojivunia, nikauchomelea, nikausugua kwa msasa hadi usingejua pa kuunga. Baada ya miezi miwili ukakatika akiteremka mlima. Haukukatikia kwenye mshono wangu. Ulikatikia nusu inchi kando yake, pale pale ambapo moto ulikuwa umelegeza. Alivunjika mtulinga na meno mawili. Baba yake hakunidai chochote, na mpaka leo nikikutana naye nashindwa kumtazama usoni. Kwa hiyo nikikuambia hauchomelewi, sisemi nililolisoma.

Rafiki yako aliyependekeza kuchomeka kipande cha bomba la chuma ndani, kisha kubana kwa skrubu, ana nia njema. Lakini ufa ungehamia mwisho wa kipande hicho, matundu mapya yangekuwa milango ya nyufa nyingine, na chumvi inayomwagwa barabarani kwenu wakati wa baridi ingefanya chuma kiile alumini kwa ndani usikoona. Gundi nayo tuiache.

Kabla ya kuagiza, kagua nguzo ya kusimama na kiungo cha kukunjia, kwa sababu mitikiso iliyoua usukani imepita huko pia. Mwaka 2019 kampuni ya Xiaomi iliita skuta zake za M365 zaidi ya elfu kumi zirudishwe, kwa kuwa skrubu moja ya kiungo hicho iliweza kulegea na nguzo ikakatika mtu akiwa amepanda. Kukagua si kazi ngumu. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, pangusa kiungo na maunganisho yake yote mbali na betri na moto, subiri robo saa, kausha kabisa, kisha pakaza unga wa chaki nyeupe. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Ukiuona mstari huo, skuta isitembee tena hata hatua moja, na nguzo nayo ibadilishwe.

Katika kuagiza, tumia namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha chini. Usichukue usukani mpana au wa mtindo mwingine kwa sababu tu ni wa bei nafuu. Uliniambia kwamba tangu Juni 2019 sheria ya Ujerumani inazitaka skuta hizi ziwe na idhini ya muundo, breki mbili zinazojitegemea na kibandiko cha bima, na kifaa kisicholingana na idhini hiyo kinaweza kuifuta. Fedha isipotosha niambie, nitatuma. Usisitesite kwa jambo hili.

Siku ya kazi, zima skuta, chomoa chaja, kisha piga picha ya kila waya ulipo kabla hujagusa skrubu ya kwanza. Raba za kushikia zitoke kwa maji ya sabuni yaliyopenyezwa chini yake, usizikate. Legeza mkono wa breki, kengele na eksileta, uzisogeze taratibu, na pale unapolazimika kutenganisha plagi, shika plagi yenyewe. Ukivuta waya utang'oa pini ndogo ndani, na hasara yake ni kubwa kuliko ya usukani. Tazama mshale au alama kwenye plagi ili ujue zinavyorudi.

Kufunga ndiko kunakotaka subira. Ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza, kisha zikaze kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, kwa kupishana mshazari, robo mzunguko kila moja, hadi nafasi kati ya mdomo wa juu na wa chini wa kibano kinachoushika usukani kwenye nguzo iwe sawa pande zote. Kitabu cha skuta kina kipimo cha kukaza kilichoandikwa kwa herufi Nm. Azima spana ya kipimo kwenye duka la baiskeli, usikisie kwa nguvu ya mkono, kwa maana kukaza kupita kiasi huanzisha ufa kama vile kulegeza. Tone moja la gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee, kwenye uzi wa kila skrubu, linatosha. Usipake grisi wala mafuta chini ya raba za kushikia.

Ukimaliza, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, uangalie kama kuna waya unaovutika au kubanwa. Bana tairi la mbele katikati ya magoti na ujaribu kuupinda usukani. Ukisogea, rudia kukaza. Simama chini, weka uzito wako wote kwenye ncha moja, kisha nyingine. Inua gurudumu lenye mota, gusa eksileta kidogo, halafu vuta breki: mota inatakiwa ikate papo hapo, na ukiachia eksileta irudi yenyewe. Ndipo uendeshe kwa mguu bila umeme, uani mwa bweni, mara kumi au zaidi. Baada ya siku tatu za matumizi, pitia skrubu zote upya. Kengele uifunge kwa mkanda wake, usitoboe tundu lolote, na mfuko uuvae mgongoni.

Kile kipande kilichokatika usikitupe. Kifunge kwenye gazeti, uje nacho ukija likizo. Nataka vijana wa karakana wazione zile rangi mbili kwa macho yao. Na ukishafunga mpya, nipigie picha ya kibano kwa upande, mahali palipo na mwanga, unisubiri nikujibu kabla hujaipanda.

Ni mimi baba yako akupendaye.