Daftari la babu na mkopo tunaotaka kuuchukua

Ndugu Mshauri,

Tangu mshahara wangu upunguzwe nusu miezi minne iliyopita, nyumbani kwetu kuna mvutano ambao sijui namna ya kuumaliza. Mke wangu ni fundi cherehani. Wateja anao, ila mashine yake imechoka, na tunafikiria kukopa tununue nyingine. Mama, ambaye tunaishi naye, hataki kusikia. Mkopo ukitajwa tu, hunikumbusha marehemu babu, baba yake, aliyelea watoto saba katika miaka ya dhiki bila kudaiwa hata senti. Anataka pia niitoe akiba yetu benki na kuiweka ndani ya mkebe, kama babu alivyofanya.

Simbezi mama. Nimesoma kwamba nchini Marekani, baada ya soko la hisa kuanguka mwaka 1929, benki zipatazo 9,000 zilifungwa hadi kufikia 1933, na kwa kuwa serikali kuu ilikuwa haijaanzisha bima ya amana (ya kumlinda mwenye akiba benki inapoanguka), watu wengi walipoteza akiba zao. Aliyeonja hayo, kuficha fedha chini ya godoro kwake kulikuwa busara. Lakini Ujerumani mwaka 1923 bei zilipanda kwa kasi hata aliyetunza noti ndani akabaki na makaratasi, huku mwenye deni akililipa kwa fedha isiyo na thamani. Wazee wa pande hizo mbili wakiketi kutuusia watapingana, na hakuna atakayekuwa anasema uongo. Hapo ndipo ninaposhindwa kujua lipi ni hekima na lipi ni kovu.

Mwezi jana mama alinikabidhi daftari la mahesabu la babu ili nijifunze. Lina jalada gumu, mistari imechorwa kwa rula na maandishi ya penseli yamefifia. Kila jioni aliandika kilichoingia na kilichotoka, hata kibiriti. Nasi tukaanza kuandika, na wiki ya kwanza tu tukaona fedha zinakovujia (mke wangu anasema ni sigara zangu, nami sina la kubisha). Ila katikati, baada ya kubandua taratibu kurasa mbili zilizogandamana, nilikuta safu isiyo na kichwa: herufi mbili za jina la mtu, kiasi cha fedha, na tarehe kumi na moja zilizokatwa mojamoja, ya mwisho ikifuatwa na neno "nimemaliza". Babu alikopa, akalipa kidogo kidogo, akanyamaza.

Mke wangu anataka nimwonyeshe mama ukurasa huo ili ubishi uishe. Mimi nasita, kwa sababu mama ana miaka 78 na amejengea maisha yake yote juu ya baba asiyedaiwa. Kumshinda kwa mwandiko wa baba yake naona ni ukatili. Hata hivyo, nikikopa kwa siri nitakuwa nimerithi usiri wa babu pamoja na nidhamu yake.

Je, nimfungulie ukurasa huo, au kwanza nimuulize anakumbuka nini kuhusu mwaka ule babu alipokopa, pengine anajua zaidi ya anavyosema? Na wasomaji mliolelewa na wazee waliopita katika shida kubwa, mliwaulizaje mambo waliyoamua kutoyasimulia?

Wako,
Mjukuu Njia Panda