Shukrani kwa mzee wa tochi, Kariakoo

Mzee wangu, shikamoo, popote ulipo.

Ni mimi yule mama uliyemkuta Jumamosi Kariakoo, nimesimama na binti yangu mbele ya saksafoni mbili. Moja mpya, inang'aa, haina jina linalojulikana. Nyingine Yamaha YAS-23 ya mtumba, rangi imechubuka pale mkono unaposhika. Nilishaanza kuhesabu hela za ile mpya. Mzazi gani hapendi mwanawe ashike kitu kipya?

Ukaomba radhi, ukawasha tochi ndogo, ukaitumbukiza ndani ya ile ya mtumba huku umebana vibonyezo. Mwanga ukapenya kwenye pedi mbili tu, vile vipande laini vinavyoziba matundu; panapopita mwanga, hewa nayo huvuja. Ukasema hizo fundi atazibadilisha, na kuchubuka kule hakuharibu sauti. Ile mpya ukaigusa kibonyezo kimoja kwa kidole, kikayumba. Ukatueleza kwamba chuma laini hupinda upesi, na vipuri vya saksafoni isiyo na jina ni shida kupata. Kisha ukapuliza Yamaha hadi nota ya chini kabisa. Ikakwaruza kidogo, halafu ikatoka nzito. Binti yangu akanibana mkono.

Nilipomaliza kulipa ulikuwa umeshaondoka, sikukuuliza hata jina. Fundi alibadilisha pedi zile zile mbili ulizoonyesha. Sasa mtoto anapiga kila jioni, na Jumapili anakaa na wenzake wa bendi ya kanisa.

Asante sana, mzee wangu. Mungu akuzidishie pumzi.