Shangazi, usimfiche daktari wa usingizi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikia kwamba siku ya upasuaji wako wa tumbo imepangwa, na kwamba ulipoulizwa unatumia dawa gani ulijibu kwa neno moja: "Situmii." Naujua ule mfuko ulio chini ya mto wako, wenye vidonge vya diklofenaki kwa ajili ya magoti, aspirini ya kila asubuhi, na ile mitishamba unayosema si dawa. Nakuomba uubebe wote na kuukung'uta mezani mbele ya daktari wa usingizi, yule atakayekulaza usisikie maumivu ya upasuaji.

Aspirini huzizuia chembe sahani za damu, zile zinazosaidia kuziba jeraha, kushikamana, na chembe iliyoguswa hairudii hali yake hadi mwili utengeneze nyingine, kazi inayochukua takriban siku 7 hadi 10. Diklofenaki nayo yaweza kuongeza utokaji wa damu na kuzielemea figo, hasa mgonjwa akiwa amepungukiwa maji. Hata hivyo usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu wapo wagonjwa wa moyo ambao kwao kuiacha aspirini ghafla ni hatari kuliko kuendelea nayo. Uamuzi huo ni wa madaktari, nao hawawezi kuamua juu ya kidonge wasichokijua. (Habari ya kutokula kabla ya upasuaji umekwisha kuelezwa, sirudii.)

Lipo jambo la pili, ambalo kwako litakuwa gumu zaidi. Ukoo mzima unakusifu kwa kuvumilia, nami niliwahi kukuona ukifunga kidonda kilichohitaji kushonwa huku ukitusimulia habari nyingine. Safari hii sifa hiyo itakudhuru. Aliyepasuliwa tumbo akiumia kimyakimya hupumua juujuu, huogopa kukohoa na hataki kuinuka kitandani. Makohozi yakabaki mapafuni na kuweza kuleta nimonia, na damu ikaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Muuguzi akikuuliza maumivu yako ni mangapi kati ya 0 na 10, usitaje 2 kwa adabu. Mweleze pia kama unaweza kukohoa na kukaa bila kujikunja, na umwite maumivu yanapoanza kupanda, kwa kuwa yakishakolea huwa magumu kutulizwa.

Ukipewa morfini au tramadoli, zile dawa kali za maumivu, usiogope kwamba siku chache za dawa iliyopimwa zitakufanya mraibu. Uwezekano huo ni mdogo. Tarajia usingizi, kichefuchefu na choo kufunga. Kinachotisha ni pumzi kupungua, na ndiyo maana vile vidonge vya usingizi ulivyobakiza mwaka jana visiguswe kabisa, wala pombe isinywewe.

Parasetamoli, ambayo wengi huidharau, ikinywewa kwa saa zake hupunguza haja ya dawa kali. Lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mwembamba kama wewe huenda daktari akapunguza. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani yake, hivyo mtu huizidisha bila kujua na kuliumiza ini. Nitakutengenezea karatasi ya kuandika kila kidonge na saa yake.

Nitafika jioni ya kuamkia siku ya upasuaji. Nikute mfuko uko mlangoni, pamoja na kadi yako ya hospitali.

Wako, mtoto wa kaka yako.