YAH: Kunitumia mwisho wa simulizi kwa meseji wakati nimeilipia

Kwa wahusika wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, niko Mbagala hapa Dar, nasuka nywele saluni na simulizi zenu nazinunua kwenye apu nalipia kwa simu. Nimepiga kasitoma kea nikaambiwa niandike barua, basi naandika.

Nililipia shilingi 5,000 nipate yote ile ya binti wa Pangani anayefanya kazi gesti Kigamboni, yule anayependwa na mkaka anayekuja na pantoni ya mwisho, ananukia udi, hali chakula chenye chumvi na hataki kupigwa picha. Mnaijua, ndio mliyokuwa mnaitangaza kila siku. Utamu wa ile simulizi ni kwamba hujui. Dalili zilezile zinakupeleka huku na kule, mara unasema huyu ni jini mahaba kampenda binti wa watu ndio maana kila mchumba akija posa inavunjika, mara unasema hapana huyu ni mtu kabisa, kaua huko alikotoka anajificha, na binti anazidi kumpenda huku anamwogopa na sisi tunaosoma tunampenda na kumwogopa vilevile.

Pale saluni mmoja anasoma kwa sauti wengine tunasuka, wateja wengine walikuwa wanarudi hata kucha hawana shida nazo wanataka kujua tumefika wapi, na ubishi sasa! Kuna mama aliapa kwamba miguu ya yule mkaka haijawahi kutajwa hata mara moja kwa hiyo lazima ana kwato. Tukarudi nyuma kutafuta, kweli haijatajwa. Mwandishi mwenye akili hivyo mnae halafu nyie mkamfanyia nini.

Tumefika pale bibi yake binti ndio kwanza kaanza kufukiza ubani, inaingia meseji yenu ya promosheni, mnatangaza msimu wa pili, na humo humo mmetaja yule mkaka ni nani na binti yanamkuta yapi. Sirudii maneno yenu hapa maana huenda anayefungua barua hii nae hajamaliza. Simu ilikuwa mkononi mwa msomaji, akaisoma meseji kwa sauti akidhani ni pesa imeingia, saluni nzima ikajua. Siku hiyo hakuna aliyetaka kuendelea.

Nyie mnaona ni tangazo tu. Simulizi ya mapenzi ya kawaida hata nikijua wataoana bado nitafurahi kusoma walivyogombana na kupatana, ila hii ya mapenzi na utata siri ndio bidhaa yenyewe, hiyo ndio niliyoilipia, mkishaitoa bure mmenirudishia gamba mmekula yai. Muhammed Said Abdulla alitoa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, neno mzimu liko wazi kwenye jalada, lakini kama ni mzimu kweli au mkono wa mtu unangoja mpaka Bwana Msa, mpelelezi wa humo, akufikishe. Na huko Uingereza mwandishi Ann Radcliffe miaka ya 1790 alikuwa anachanganya mapenzi na mauzauza hivyohivyo, maelezo yake anayaweka mwishoni. Hili jambo ni la siku nyingi sio mimi nimelianzisha.

Halafu kuna lile kabati lenu la Majini na Uchawi kwenye apu. Kuna simulizi mnaziweka humo ambazo swali lake lote ni je huyu ni jini au sio jini, sasa ukishaikuta humo si umeshajibiwa kabla hujafungua? Najua wapo wasiotaka kabisa habari za majini, hasa wanaosoma usiku peke yao, na wana haki ya kuonywa. Andikeni Mapenzi na Utata, chini mweke ina vitisho, inatosha, kila mtu atachagua mwenyewe.

Ninachotaka ni 5,000 yangu irudi kwenye namba niliyolipia, na meseji za msimu mpya mzitume kwa waliomaliza tu, apu yenu si inaonyesha mtu kaishia sehemu ya ngapi, basi itumieni. Na tangazo kabla halijatoka mwandishi alione, yeye ndio anajua kipi hakitakiwi kusemwa. Msiponijibu nitapeleka FCC, ile Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji na mimi nimelipia kitu mkakiharibu wenyewe kabla sijakitumia.

Bado naipenda simulizi na nitaimalizia, mwandishi hana kosa hata kidogo naomba mumfikishie hilo. Meseji yenu nimeipiga picha naiambatanisha pamoja na risiti ya malipo.

Mteja wenu,
Mbagala, Dar es Salaam