Mita 60 za Msimbazi zinapimwa kutoka wapi?

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo limenikaa kooni tangu masika yaishe.

Sisi tunakaa jirani na mto Msimbazi, huku juu kabla haujafika Jangwani, na kila mvua zikianza tunaambiwa tumejenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza. Sheria naijua na siipingi. Ila wakati nyumba ya mama mkwe wangu inajengwa mto ulikuwa mbali, katikati kulikuwa na shamba la mihogo, mnazi mmoja na njia ya kwenda kisimani, leo shamba hakuna, mnazi ulishaondoka na maji, na choo kinaning'inia, ukisimama ng'ambo unayaona matofali ya shimo kwa nje kabisa. Mama hajausogelea mto hata hatua moja. Mto ndo umemfuata.

Na mto kuhama sio maajabu. Maji yakifika kwenye kona yanakimbia zaidi upande wa nje, yanaula ukingo kwa chini, udongo wetu wenyewe wa kichanga hauna nguvu, chini kukishalika juu panakatika kipande kizima, usiku unasikia kabisa puu! Ule mchanga haupotei, mwingine unatua upande wa ndani wa kona za mbele ambako maji yanatembea taratibu, ndo maana kuna majirani wamepata kiwanja ambacho hakikuwepo na wameshapanda mchicha. Unaobaki unasombwa mpaka Jangwani, kule bonde ni tambarare, maji yanapoa yanautua, kina kinapungua, mvua kubwa ikija maji yanapanda barabarani. Kwahiyo ukisikia Jangwani pamefungwa ujue na kingo zetu za huku juu zimo kwenye ule mchanga.

Binadamu nasi tumeuharakisha jamani. Kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe unakoanzia mpaka unapomwaga baharini pale daraja la Salenda, sehemu kubwa sasa ni mabati na lami, mvua haizami ardhini, inaingia mtoni yote kwa mkupuo na mto unajitanua ili uibebe. Halafu hawa wachimba mchanga, tipa zinapakia mchana kweupe! Ukichimba shimo mtoni maji yanazidi kukata chini, na kule kukatika kunapanda kuelekea juu yanakotoka maji, kingo zinabaki ndefu zimesimama wima, zinaanguka hata pale ambapo hapajaguswa na koleo. Na mwenye hela anajaza magabioni, yale makapu ya waya yenye mawe, upande wake, maji yakigonga pale yanageukia kwa asiye nazo.

Mafuriko ya Desemba 2011 tuliyaona wote, watu zaidi ya 40 walikufa hapa Dar, waathirika wakapelekwa Mabwepande, na tangu hapo mazungumzo yote ni maji kujaa. Kuliwa kwa ukingo haongei mtu. Wakati maji yakijaa yanashuka, unarudi unafagia tope unaanika godoro, sasa ardhi ikikatika unarudi wapi?

Ombi langu ni kwa wanaopima, wakiwemo wa huu mradi wa bonde la Msimbazi wenye fedha za Benki ya Dunia. Daraja jipya la Jangwani sawa, tunalihitaji sana, ila huku juu msiweke kipimo kimoja mto mzima kama vile mto ni reli. Nje ya kona mita 60 zinaweza kuisha mbele ya macho ya mtu aliyejenga akiwa halali kabisa, ndani ya kona mto unazidi kwenda mbali. Chukueni picha za angani za zamani muone ulipita wapi, waulizeni wazee, wanaukumbuka mkondo wa zamani mpaka mti uliokuwa pembeni yake, halafu mrudie kupima kila masika yakiisha.

Mimi nimeshaanza. Kutoka ukuta wa chumba cha mama mpaka ukingoni mwezi wa tatu zilikuwa hatua 14, mwezi wa sita nikahesabu 9, na nimechomeka nondo tatu za alama. Mpimaji yeyote akija kabla ya vuli nitampeleka mwenyewe akazione.

Mkazi wa bondeni,
Dar es Salaam