Asante, kijana wa tairi wa Kirinyaga Road

Namshukuru hadharani kijana mmoja wa Kirinyaga Road, Nairobi. Gari langu, Subaru Impreza, limeshushwa karibu na ardhi na lina rimu za inchi 17. Duka fulani lilinifungia tairi za 225/50, yaani upana milimita 225 na kimo cha ubavu asilimia 50 ya upana huo. Kila tuta, tairi zikasugua madigadi.

Kijana huyu hakukimbilia kuuza. Alisoma kibandiko cha mlangoni: tairi za kiwandani ni 205/55R16 (R16 ni rimu ya inchi 16), kipenyo kama milimita 632. Akapiga hesabu mbele yangu: 225/50R17 inafika 657, 215/45R17 ni 625, karibu na ile ya kiwandani. Akakata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, akichungulia nafasi iliyobaki. Zenye namba ya uzito 87 (namba ya mzigo ambao tairi inaweza kubeba) alizikataa, akitaka 91 kama za kiwandani, akanielekeza kwa jirani aliyekuwa nazo, ingawa yeye hakupata kitu. Wauza tairi, tafadhali pimeni hivi kabla ya kupokea pesa.